Maneno Yaliyotundikwa Juu ya Moshi

Ukimpelekea Mwalimu sentensi ya Kiingereza, hakuuliza kama ni sahihi. Aliuliza nani kasema. Ungeweza kusimama mbele ya darasa zima, mikono nyuma, ukatamka sentensi iliyonyooka kama mstari wa mkonge, naye angekutazama juu ya miwani yake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Nani kasema?" Ukijibu kwamba ni wewe mwenyewe, alikuambia ukae. Ukijibu kwamba ni kitabu, alikuambia ukae vilevile. Lakini ukijibu kwamba ni nesi wa zahanati, au bwana shamba, au mtangazaji wa redio jana saa mbili asubuhi, alitoa kalamu mfukoni.

Alinifundisha Kiingereza miaka minne katika shule ya sekondari hapa Korogwe, na baada ya hapo nimemjua kwa miaka mingine tisa. Walimu walikuwa wengi, lakini wengine wote ilibidi uwaongezee neno, mwalimu wa hesabu, madamu wa baiolojia. Ukisema Mwalimu peke yake, kila mtu alijua ni yeye. Nimeandika mwanzo huu mara sita. Kila nikiusoma naona nimemfanya mpole, na mpole hakuwa. Naandika kwa sababu kazi yake ya miaka thelathini ilipita mikononi mwangu na haikutoka nzima, na sijui njia nyingine ya kuwaonyesha watu ilikuwaje kabla sijaishika.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Alisema kitenzi cha Kiswahili ni kama mama mjamzito. Unapika, unampikia mtu, mtu anapikiwa. Kila kinachohitajika kimo tumboni mwa neno. Kitenzi cha Kiingereza tumbo lake ni tupu, kwa hiyo hutembea na mwenzi, kijineno kidogo kama "on" au "with" au "for", na ukikipa mwenzi asiye wake, watu watakuelewa lakini watageuka kukutazama.

"Kama mtu aliyekuja harusini na mke wa jirani," alisema, na sisi kidato cha pili tukacheka. Akangoja tumalize. "Msicheke sana. Humu ndani wengi mmekuja nao."

Sasa, nani anayejua mwenzi halali wa kila neno? Vitabu vina orodha, nasi tuliikariri orodha hiyo kama watoto wa madrasa wanavyokariri, bila kuuliza. Mwalimu aliifundisha kwa sababu mtihani uliitaka. Mwenyewe hakuiamini. Alisema orodha ni cheti cha ndoa tu, na cheti hakikuambii kama watu bado wanalala nyumba moja. Ukitaka kujua nani anatembea na nani, kaa njiani uwaone wakipita.

Kwa hiyo alikaa njiani. Alisikiliza hotuba za wageni rasmi kwenye mahafali. Alisoma maelekezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, vibao vya miradi ya maji, barua za wafadhili zilizobandikwa kwenye ubao wa kijiji. Alimsikiliza fundi mmoja wa kizungu aliyeletwa Ngombezi kutengeneza mashine za kiwanda cha katani. Kila aliposikia kitenzi kikipita na mwenzi wake, aliandika kwenye kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili, na chini yake aliandika nani kasema, wapi, siku gani. Karatasi isiyo na msemaji aliichana. Alisema sentensi isiyo na mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama. Usimfungie kwako, utaitwa mwizi.

Karatasi hizo alizitunga kwenye kamba. Kamba moja, kitenzi kimoja. Wanafunzi wa kambi za Ngombezi walimletea singa, zile nyuzi ndefu nyeupe za mkonge, naye alizisokota mwenyewe pajani akiwa anasimamia masomo ya jioni. Juu ya kila kamba palikuwa na kipande cha boksi gumu kilichoandikwa kitenzi kwa wino mweusi. Hicho alikiita kichwa. Chini yake zilifuata karatasi, na kila kijineno kilipobadilika alifunga fundo moja. Mahali ambapo watu walikuwa wakisema vile ambavyo kitabu kinakataza, hakuitupa karatasi. Aliitunga, kisha akafunga mafundo matatu. Nilipomuuliza maana yake alisema, "Hakijaamuliwa."

Na kamba zote alizitundika jikoni, juu ya mafiga.

Watu wa Misima, alikozaliwa, hutundika mahindi ya mbegu hapo. Unachagua masuke mazuri, unayafunga kwa maganda yake, unayaning'iniza kwenye boriti, na moshi wa kila siku unayafanya meusi na machungu mpaka mdudu hayagusi. Mahindi ya kula yanakaa ghalani na yanabunguliwa. Ya mbegu yanakaa kwenye moshi. Mwalimu aliona karatasi nazo zina wadudu wake, mchwa na panya, akazifanyia vivyo hivyo, kwanza katika nyumba ya shule hapa Korogwe, na baada ya kustaafu katika nyumba yake ya Misima. Mara ya kwanza nilipotumwa kumpelekea madaftari nilisimama mlangoni mwa jiko nikadhani ni dawa za mganga. Zilikuwa thelathini na kitu, zimekuwa kahawia, zinazunguka polepole kwa joto la moto.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, aliniona nimeduwaa. "Ingia, mwanangu. Mume wangu ana wake wengi, wote wa karatasi, na wote mimi ndiye ninayewafukizia."

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba akinawa. Alijibu kutoka huko kwamba hao hawamwombi kanga. Mama akasema ndiyo maana wamekuwa weusi.

Nyumbani hakusema Kiingereza hata neno moja. Yeye na mkewe walizungumza Kizigua, na sisi alituongelesha Kiswahili cha taratibu, cha mtu anayepima. Jambo hili lilinitatiza sana nilipokuwa mdogo, na kulikuwa na jingine lililonitatiza zaidi. Mwalimu alikuwa msemaji mbaya wa Kiingereza. Darasani alisoma vizuri, lakini mbele ya mtu halisi aliyetaka jibu alikwama. Siku moja yule fundi wa kizungu alisimamisha gari karibu na shule akamuuliza njia ya kwenda mjini. Tulikuwa tunapalilia bustani, tukaacha majembe tumsikilize Mwalimu wetu akitiririka. Alinyamaza. Akamwashiria aulize tena. Yule fundi akauliza tena, na Mwalimu akatoa kalamu akaandika. Gari lilipoondoka, mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari wa maneno akasema fundi atafika mjini siku Mwalimu atakapomaliza kuandika. Mwalimu alicheka pamoja nasi, jambo la nadra, kisha akasema kwamba mtu hawezi kuvua samaki na kuwa samaki kwa wakati mmoja.

Alituchapa. Lazima niseme hilo. Alichapa kwa fimbo ya mti mwembamba, viganjani, na kosa lililomuudhi kuliko mengine lilikuwa la kulinganisha: mtu kusema "more better", yaani kuweka zaidi juu ya zaidi, kama mtu aliyevaa kofia mbili. Yule mwenzetu hodari wa maneno alipata viboko viwili kwa hilo. Wiki hiyohiyo alitumwa nyumbani kwa Mwalimu kuchukua chaki, na akaisoma kamba ya kulinganisha, pekee isiyokuwa ya kitenzi, ambayo ilikuwa ndefu kuliko zote. Akaikuta. "More better", kasema diwani, kasema daktari, kasema mkuu wa shule yetu mwenyewe kwenye kikao cha wazazi. Mafundo matatu.

Alirudi darasani akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu, kwa ile adabu inayouma, kwa nini amechapwa kwa neno ambalo Mwalimu amelitundika nyumbani kwake kama picha ya harusi.

Mwalimu aliiweka fimbo mezani. "Nyumbani mimi ni msikilizaji," alisema. "Hapa mimi ni mtumishi wa mtihani. Mtihani haujui mafundo matatu." Kisha akaongeza, "Nilikuchapa vibaya. Kaa."

Hakuacha kuchapa. Nimesema nisimfanye mpole. Lakini tangu siku hiyo alipomchapa mtu kwa kosa la aina hiyo alitazama dirishani.

Kulinganisha watu ndiko alikokataa kabisa. Kwenye ripoti za mwisho wa muhula kuna nafasi ya kuandika mwanafunzi amekuwa wa ngapi. Mwalimu aliiacha wazi. Mkuu wa shule alimrudishia ripoti mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu, sisi tukiwa tumeshamaliza, akamwondolea kidato cha nne na kumpa kidato cha kwanza pekee. Wazazi walilalamika pia; baba yangu mwenyewe aliitazama ile nafasi tupu akaniuliza kama nimefukuzwa. Mwalimu alisema, na hili nililisikia kwa masikio yangu, kwamba ukiweka watu wawili kwenye mzani mmoja lazima mmoja apande hewani, na yule anayepanda hewani ni mtoto wa mtu. Alifundisha kidato cha kwanza mpaka akastaafu. Hakulalamika. Alisema watoto wa kidato cha kwanza ndio wanaosema mambo mapya.

Ndiyo maana neno alilokuja kuniambia baadaye sijaweza kulitua.

Nilimaliza chuo nikiwa na shahada ya ualimu, Kiingereza na Kiswahili, nikarudi kwa mama yangu huko Kilole kusubiri ajira. Nilijaza maombi. Nilisubiri. Kila aliyenisalimu aliuliza kama nimepangiwa, nami nilianza kupita njia za nyuma ili nisisalimiwe. Mwaka wa pili wa kusubiri Mwalimu alinipigia simu kutoka Misima akaniita. Nilimkuta amekonda, anageuza kichwa upande kama kuku ili akuone. Presha ya macho, alisema. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia linajiandaa. Alitaka kamba zake ziwe kitabu kabla hajashindwa kukiona: kitabu kidogo cha kuwaonyesha wanafunzi maneno yanavyotembea kweli huku kwetu, katika midomo ya watu wanaowajua, nesi na diwani na bwana shamba.

Nilisema kuna wenzangu waliofaulu kunizidi. Nilimtajia watatu.

"Wewe unasikiliza kuliko wote niliowafundisha," alisema.

Kuliko wote. Mtu aliyepoteza kidato cha nne kwa kukataa kuandika namba alinipandisha mimi juu ya mzani, mbele ya mkewe aliyekuwa anachambua kunde. Nimeligeuza neno hilo kwa miaka miwili. Hakusema nina akili. Hakusema mimi ni mwaminifu. Alisema nasikiliza, na ninyi mtaona nilivyosikiliza.

Alizishusha kamba moja moja kutoka kwenye boriti, akazilaza kwa urefu ndani ya salfeti jipya, gunia la kuwekea mahindi, asizikunje. Akaniambia jambo moja tu kuhusu kazi yenyewe. "Zisome zikiwa zinaning'inia." Nilidhani ni mazoea ya mzee. Nilidhani anawaza moshi.

Miezi mitatu salfeti lilikaa chini ya kitanda changu. Sikuanza kwa sababu nilikuwa napanga nitakavyoanza. Je, nizipange kwa vitenzi au kwa vijineno? Kulinganisha kuwe sura ya kwanza au ya mwisho? Je, makosa ya wakubwa yachapishwe na vyeo vyao? Nilijaza daftari zima kwa mipango. Mwishowe niliamua kwamba mwanafunzi atatafuta kwa kijineno, kwa hiyo karatasi zote za "on" ziwe pamoja, zote za "with" pamoja, zote za "than" pamoja. Niliusoma mpango huo mara nyingi na sikuona tundu. Nilijaribu kwa kamba mbili za mwanzo, za miaka ambayo Mwalimu alikuwa akipata karatasi nyingi, na kila kipande kilikuwa na sentensi nzima. Mpango ulifanya kazi.

Mchana mmoja, mama yangu akiwa sokoni, nilitandika mkeka sebuleni nikachukua mkasi wake wa kushonea nikakata kamba zote. Zote, moja baada ya nyingine, ili nisipoteze muda baadaye. Vichwa vya boksi niliviweka upande wangu wa kulia, vimepangana vizuri kwa alfabeti. Karatasi nilizigawa katika marundo. Nilikuwa na furaha. Sikumbuki mara nyingine miaka hiyo ambapo nilikuwa na furaha.

Kisha nikaanza kusoma rundo la "on", nikaona.

Miaka ile ya mwanzo aliandika sentensi nzima. Baadaye karatasi zikawa haba, na kwa nini arudie kitenzi wakati kimeandikwa juu ya kamba? Akawa anaandika mkia tu. "…on the rain. Bwana shamba, mkutano wa kijiji." Bwana shamba alisema nini? Kwamba anaitegemea mvua? Kwamba alisisitiza juu ya mvua, alitoa ripoti juu ya mvua? Vyote hutembea na kijineno kilekile. Kilichokuwa kinajua ni kamba. Nilikuwa na mamia ya mikia kushoto na vichwa vyote kulia, na katikati mkasi.

Mama yangu aliporudi alisimama na kapu kichwani akatazama zile nyuzi zilizokatika. Yeye alizaliwa kambini Ngombezi, baba yake alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Alisema huko mtu hafungui mzigo wa mkonge kabla nyapara hajapita, kwa sababu ukishaufungua, majani ni majani tu, hakuna anayejua ni kazi ya nani. Kisha akatua kapu, akakaa mkekani, akaanza kunisaidia kuokota. Hakusema tena. Ningependa angesema.

Nilizitunga upya kwa kukisia, kwenye kamba za manila za dukani, zile za plastiki za kijani. Singa sikuzipata, au sikuthubutu kuziomba, kwa sababu ningeulizwa ni za nini. Mafundo sikuyafunga maana sikujua yalikuwa wapi.

Halafu zikaja simu. Kila baada ya mwezi hivi Mwalimu alipiga, akasalimu, akauliza habari za mama, akauliza nimefika neno gani. Nami nikamtajia neno. Nilikuwa nalichagua kabla hajapiga ili nisisite. Aliuliza kama karatasi ya yule nesi nimeiona, ile aliyoipenda. Nikasema nimeiona. Aliuliza inachekesha au haichekeshi. Nikacheka.

Katika miaka hiyo niliitwa kwenye usaili mara moja. Wakaniomba nitaje kosa ambalo wanafunzi wetu hulifanya mara kwa mara katika vitenzi na wenzi wao. Ningeweza kuwatajia ishirini kutoka kwenye orodha. Nilifungua mdomo nikasikia, nani kasema, nikaona sina mtu hata mmoja wa kumtaja, wote nimewachanganya mkekani. Nilikaa kimya mpaka mmoja wao akasema asante. Sikupangiwa.

Mwezi uliopita alipiga Mama, si yeye. Alisema Mwalimu haoni tena kabisa, na kwamba anaamka asubuhi anaingia jikoni anapapasa juu ya mafiga. Anasahau kwamba zipo kwangu. "Mletee hata moja ashike," alisema.

Nilizibeba zote. Nilipanda basi mpaka Handeni mjini, kisha bodaboda mpaka Misima, salfeti nimelipakata mapajani. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nayo ya aina tatu. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani yanasubiri kuvunwa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kibao ndani ya jiko, karibu na moto, uso ameuelekeza mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alisikiliza kidogo. "Hujala."

Nilisema nimekula. Mama aliniletea uji hata hivyo. Mwalimu alinyoosha mkono, kiganja juu, kama sisi zamani tulivyomnyooshea, nikamwekea kamba moja. Aliipitisha vidoleni kutoka juu, polepole. Alifika mwisho. Akairudia kutoka chini kwenda juu. Alikuwa anatafuta mafundo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu aliyeanza kupoteza macho miaka mingi nyuma alifunga mafundo. Alisugua manila kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Maneno yangu yote matatu ya kuomba radhi yalikimbia.

"Nisomee," alisema.

Nilitoa kamba nyingine kwenye salfeti; karatasi yake ya kwanza ilikuwa mkia. Ningesema hapo. Nilikuwa na nafasi nzima ya kusema. Badala yake nilitunga kitenzi nikakiweka mbele, nikasoma sentensi kamili, nzuri, iliyonyooka, kwa sauti ya mtu anayesoma.

Moto ulilia. Mama aliacha kukoroga.

"Nani kasema?"

Aliuliza kwa sauti ileile ya darasani, ya chini. Nilitazama karatasi. Chini ya mkia palikuwa na jina la cheo, mahali na tarehe, kwa mwandiko wake. Ningeweza kulisoma na lingekuwa kweli nusu.

"Hakuna aliyesema, Mwalimu. Nimetunga mimi. Nilikata kamba."

Aliilaza kamba mapajani. Kisha akasema, "Soma mkia." Nikausoma, na msemaji wake. Aliinua uso kwenye boriti tupu kana kwamba bado kuna kitu kinazunguka pale, midomo ikitembea, na akakipata. Akanitajia kitenzi, akanitajia na mvua iliyokuwa ikinyesha siku hiyo. Nilikiandika kwa penseli. "Unaofuata." Wa pili alikipata pia. Wa tatu alikipata baada ya muda mrefu. Wa nne alisema ataurudia. Kwa wa tano alimuuliza Mama kama anamkumbuka yule bwana shamba, Mama akasema alishakufa. Wa sita, wa saba, wa nane nilisoma mara mbili mbili. Wa tisa ulikuwa wa nesi, ule alioupenda. Nilimsomea. Aligeuza kichwa upande, akatabasamu kwanza, kama mtu anayeona rafiki kwa mbali, na nikaona tabasamu likibaki peke yake bila kitu nyuma yake.

"Weka chini," alisema.

Mama alichukua ile kamba ya kwanza kutoka mapajani mwake, akasimama kwenye kigoda ili aitundike mahali pake. Mwalimu alimsikia. "Hiyo haitundikwi juu ya moto," alisema. "Itayeyuka." Mama akashuka, akamrudishia, na sote watatu tukakaa tukiutazama moto, yeye pia.

Nilipoaga alisimama anisindikize. Nilikataa, akaja. Alishika bega langu tukatembea hadi mwisho wa shamba, mahindi makavu yakitugonga mikono. Salfeti lilibaki jikoni. Ile kamba moja alikuwa nayo bado mkononi.

"Nitakuja Jumamosi, Mwalimu," nilisema. "Nitakuja kila Jumamosi. Tutasoma yote."

Alisimama. Nilijua kitakachokuja, na kilikuja.

"Nani kasema?"

Nilitaja jina langu, langu na la baba. Nikataja mahali, Misima, mwisho wa shamba. Nikataja siku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika ncha ya ile kamba ya kijani, akafunga fundo, akafunga la pili, akafunga la tatu, akaniwekea kiganjani na kukikunja kiganja changu kwa mikono yake miwili.

Manila haishiki fundo kama katani. Nilipofika Kilole moja lilikuwa limeshaachia.